Setilaiti ya Bure, Picha ya Kununua au Droni: Kuchagua Picha ya Angani kwa Kesi ya Ardhi Dodoma

Mkulima wa Chamwino anasema shamba lake analilima tangu mji ukiwa mbali. Upande wa pili unasema palikuwa pori, na kwamba huyo ni mvamizi aliyeingia baada ya kunusa fidia. Wazee wanatoa ushahidi, mtendaji wa kijiji anatoa daftari lililonyofoka kurasa, na baraza linabaki na neno la huyu dhidi ya neno la yule. Picha iliyopigwa kutoka angani inaweza kumbeba mtu kama huyu. Inaweza pia kumwangusha, ikiwa imechaguliwa bila kujua inaona nini na haioni nini.

Ulinganisho huu ni kwa wasaidizi wa kisheria, mawakili, waandishi wa habari na watetezi wa haki wanaofanya kazi Dodoma na Singida, na kule mpakani mwa Kongwa na Kiteto ambako wakulima na wafugaji wamegombana kwa miaka mingi. Msimamo wetu tunauweka mezani mapema: kwa migogoro mingi ya kanda hii, picha hafifu ya miaka kumi na mitano iliyopita ina nguvu kuliko picha kali ya jana. Watu hukimbilia droni kwa kuwa picha zake zinapendeza, kumbe mara nyingi droni ndiyo ya kuja mwisho.

| | Setilaiti za bure: Landsat na Sentinel-2 | Google Earth Pro | Picha ya kununua | Droni |
|---|---|---|---|---|
| Pikseli moja (nukta ndogo kabisa ya picha) ardhini | mita 30 (Landsat), mita 10 (Sentinel-2) | mara nyingi karibu nusu mita | sentimita 30 hadi 50 | sentimita 2 hadi 5 |
| Inarudi nyuma hadi | 1984 kwa mita 30. 2015 kwa mita 10 | inategemea mahali | karibu mwaka 2000 | siku uliyorusha |
| Gharama | bando tu | bando tu | mamia ya dola au zaidi | chombo, mafuta ya gari, vibali, siku za kazi |
| Kibali | hakuna | hakuna | hakuna | TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) na Wizara ya Ulinzi |
| Inajibu vizuri | nani alitangulia kulima | nini kilijengwa, kati ya mwaka gani na gani | nini kilibomolewa, lini | mpaka uko wapi, hali ikoje leo |

Kwanza, unataka kuthibitisha nini?

Swali la kwanza linalofika mezani ni la nani alitangulia. Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa miaka 12 ya kufungua shauri la kudai ardhi, kwa hiyo hoja nyingi hugeukia mwaka: ulianza kulima lini, ulijenga lini, ulikaa miaka mingapi bila kubughudhiwa? Dodoma swali hili ni zito kuliko kwingi. CDA, mamlaka iliyosimamia ustawishaji wa makao makuu, iliundwa mwaka 1973 na kuvunjwa Mei 2017, na ndani ya miaka hiyo maeneo yaliyokuwa mashamba yalipangiwa viwanja kwenye michoro muda mrefu kabla ya greda kufika. Kesi ya namna hiyo inataka picha zinazorudi nyuma sana. Ukali wake ni jambo la pili.

Swali lingine ni kipi kilikuwepo na kiliondolewa lini: nyumba zilizobomolewa, maboma yaliyochomwa, mizabibu iliyong'olewa kabla mthamini hajahesabu. Hapa unahitaji picha kali mbili, moja kabla na moja baada, zilizokaribiana tarehe kadiri inavyowezekana.

Halafu kuna mpaka. Mpaka hautaki historia peke yake, unataka vipimo, na vipimo vinataka mpima.

Landsat na Sentinel-2: hafifu, lakini zina kumbukumbu

Landsat, mfululizo wa setilaiti za Marekani, imekuwa angani tangu 1972, na picha za mita 30 zinazofaa kwa mashamba zinaanza na Landsat 5 mwaka 1984. Zote ni bure tangu 2008. Unajiandikisha kwenye tovuti ya EarthExplorer ya shirika la jiolojia la Marekani na kupakua. Sentinel-2 ya Umoja wa Ulaya ilianza 2015, ina pikseli ya mita 10, na tangu ya pili iliporushwa Machi 2017 eneo lile lile hupigwa takriban kila siku 5. Hiyo unaipata kwenye Copernicus Browser.

Piga hesabu kabla ya kuahidi chochote. Ekari moja ni mita za mraba 4,047: kwenye Sentinel-2 ni pikseli kama 40, kwenye Landsat ni nne na nusu tu. Nyumba ya mita 8 kwa 6 haifikii hata nusu ya pikseli moja ya Sentinel-2. Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba Landsat itaonyesha nyumba ya baba yake. Itaonyesha shamba, na kanuni yetu ni kutozungumzia kitu kilicho chini ya pikseli tatu kwa tatu. Kwa Landsat hiyo ni mita 90 kwa 90, yaani ekari mbili. Kwa Sentinel-2 ni mita 30 kwa 30, takriban robo ekari.

Rangi zina kazi yake. Kwenye rangi za kawaida, udongo mwekundu wa Dodoma na kichaka kilichokauka hufanana. Panga mikanda (tabaka za mwanga ambazo setilaiti hupiga kila moja peke yake) ili mimea itoke nyekundu: 4-3-2 kwa Landsat 5, 5-4-3 kwa Landsat 8 na 9, 8-4-3 kwa Sentinel-2. Kichaka cha miiba hubaki cheusicheusi, shamba lililofyekwa hung'aa na kuwa na kingo zilizonyooka. Kingo zilizonyooka ndizo zinazoongea, maana pori halijui kunyoosha mstari.

Makosa tunayoyaona mara nyingi hapa ni matatu.

Msimu. Dodoma ina mvua moja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kipindi hicho mawingu hufunika picha nyingi. Mtu huchukua picha safi ya Machi 2016, shamba la uwele likiwa kijani, akailinganisha na ya Septemba 2021, shamba likiwa tupu, kisha akaandika kwamba mazao yameharibiwa. Wakili wa upande wa pili anahitaji dakika moja kulivunja dai hilo: uwele ulivunwa Juni. Linganisha Agosti na Agosti, au Machi na Machi. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi yenye anga safi.

Shamba lililolazwa. Mkulima wa kwetu hupumzisha ardhi, na ndani ya miaka mitatu hadi mitano vichaka hurudi. Ukichukua picha ya mwaka mmoja tu, na mwaka huo shamba lilikuwa limelazwa, umewapa wapinzani ushahidi kwamba palikuwa pori. Chukua kila mwaka, mmoja baada ya mwingine, na kabla ya kuziangalia muulize mwenye shamba mwenyewe ni miaka gani alililaza. Maelezo yake yakilingana na picha asizowahi kuziona, umepata kitu kizito kuliko picha yenyewe.

Mapengo. Mei 31, 2003 kifaa kimoja cha Landsat 7 kiliharibika, na tangu siku hiyo picha zake zina michirizi mitupu inayokula karibu asilimia 22 ya kila picha. Landsat 5 iliacha kupiga Novemba 2011, na Landsat 8 ilirushwa Februari 2013. Kwa hiyo mwaka 2012 una picha za michirizi peke yake. Miaka ya 1990 nayo ina mapengo makubwa kwa Afrika Mashariki yote. Ikiwa kesi inasimamia mwaka wa namna hiyo, ujue mapema, ujenge hoja kwa mwaka uliotangulia na uliofuata.

Kuna pia huduma ya bure ya FIRMS inayoonyesha sehemu zenye moto. Inasaidia kupata tarehe ya kuanzia, basi. Pikseli yake ndogo ni mita 375, na Septemba na Oktoba kanda nzima huwa na moto wa kuandaa mashamba. Alama ya moto siku boma lilipochomwa haisemi kwamba moto huo ni wa boma.

Google Earth Pro: pa kuanzia, na pa kuteleza

Ni bure tangu Januari 2015, na kwa aliye na kompyuta ya kawaida ndipo pa kuanzia bila kusita. Bonyeza alama ya saa, telezesha nyuma, utaona kijiji kikikua mwaka kwa mwaka kwa picha kali. Nyumba inaonekana, njia ya ng'ombe inaonekana, kisima kinaonekana.

Ubaya wake ni tarehe na mahali. Tarehe iliyo chini ya dirisha ni ya kipande ulichokielekeza; ukisogeza kidogo unaweza kuingia kipande cha siku nyingine bila kugundua. Ukivuta mbali, unachokiona ni mshono wa picha nyingi. Mahali napo: picha ya mwaka mmoja inaweza kusogea mita kadhaa ikilinganishwa na ya mwaka mwingine, na mtu asiyejua akasema jirani amesogeza ukuta. Tafuta kitu kisichohama, angalia kama nacho kimesogea. Dodoma tuna bahati ya mibuyu. Mbuyu ukiwa hauna majani una kivuli cha pekee, na unabaki pale pale kwa vizazi. Chagua mibuyu mitatu au minne kuzunguka eneo lako uitumie kama mawe ya kupimia.

Tovuti ya Wayback ya kampuni ya Esri hutunza matoleo ya zamani ya ramani yake ya picha tangu 2014, nayo ni msaada mkubwa pale Google inapokuwa na pengo. Lakini tarehe inayoorodheshwa ni ya siku toleo lilipotoka. Picha yenyewe inaweza kuwa ya miaka miwili au mitatu kabla. Bofya juu ya eneo ili usome tarehe ya kupigwa, uandike hiyo. Tumeona ripoti nzuri ikikosa uzito kwa kosa hili moja.

Google Earth inatosha kwa kuelewa kesi, kwa kuandaa mashahidi, kwa mazungumzo ya usuluhishi mbele ya baraza la kata. Ukifika mahakamani na mgogoro ni mkali, tumia ulichokiona humo kujua picha ipi ya kununua.

Picha ya kununua

Makampuni ya setilaiti za kibiashara yana akiba za picha zinazoanza karibu mwaka 2000: IKONOS ilirushwa 1999 ikiwa na pikseli ya mita 1, QuickBird 2001. Leo WorldView-3 hufika sentimita 31 na Pléiades Neo sentimita 30. Kwa nusu mita, nyumba ile ya mita 8 kwa 6 ni pikseli 192. Unaweza kuhesabu nyumba, kutambua paa lililoezuliwa, kuona mizabibu kwa mistari yake.

Unanunua kwa kilomita ya mraba, na kuna kiwango cha chini: kwa kawaida kilomita za mraba 25 kwa picha ya akiba na 100 kwa picha mpya utakayoagiza ipigwe. Ndiyo maana bei humshtua mtu mwenye shamba la ekari tano. Kwa kundi la kaya mia mbili zinazodai fidia pamoja, gharama inagawanyika na kuwa ya kawaida. Kabla ya kulipa, angalia vitu vitatu kwenye picha ndogo ya mfano: mawingu juu ya eneo lako hasa (asilimia inayotajwa ni ya picha nzima), pembe ya kupigia isizidi nyuzi 25 au 30, na tarehe. Pembe ikizidi, kuta na miti huegemea upande na vipimo vinapotoka.

PlanetScope, kundi la setilaiti ndogo za kampuni ya Planet, ina nafasi yake ya pekee: pikseli ya mita 3 tu, lakini hupiga karibu kila siku. Nyumba inakuwa pikseli tano hivi, huwezi kuitambua umbo, ila unaweza kuona siku gani mabati yaliacha kung'aa. Picha kali inaonyesha nini kimetokea, na PlanetScope inabana lini. Zikiungana ni ushahidi mzuri wa bomoabomoa.

Umuhimu wa kubana tarehe unaonekana katika kazi ya Porta Farm, nje ya Harare. Mwaka 2006 shirika la wanasayansi la Marekani, AAAS, pamoja na Amnesty International na mawakili wa haki za binadamu wa Zimbabwe, walitoa picha mbili za makazi hayo: ya Juni 2002, nyumba zimejaa, na ya Aprili 2006, hamna kitu. Zilishtua dunia. Lakini kati ya picha hizo kuna karibu miaka minne, na bomoabomoa yenyewe ilikuwa ya katikati ya 2005. Picha hazikusema siku wala mbomoaji. Hayo yalitoka kwa watu waliokuwepo. Leo, kwa setilaiti zinazopita kila siku, hatuna sababu ya kuacha pengo la namna ile.

Droni: kwa leo, na kwa mpaka

Faida yake ni moja kubwa: unaona kila kitu, kwa sentimita, siku unayotaka. Hasara yake ni kwamba haijui jana. Ukiifikisha baada ya nyumba kubomolewa, utapata ramani safi sana ya kifusi.

Tanzania droni inahitaji usajili na kibali cha TCAA chini ya kanuni za mwaka 2018, pamoja na ridhaa ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Panga kwa wiki, usipange kwa siku. Karibu na uwanja wa ndege wa Dodoma, Msalato, Mji wa Serikali Mtumba, Ikulu ya Chamwino na kambi za jeshi usijaribu kabisa. Ukirusha bila kibali unamweka hatarini yule unayemtetea: upande wa pili utaacha kuzungumzia ardhi na kuanza kuzungumzia kosa lako, na picha zako zitakuwa zimepatikana kwa kuvunja sheria.

Kibali kikiwepo, kazi ya kawaida iko hivi. Droni ndogo yenye kamera ya megapikseli 20, kama Phantom 4 Pro, ikiruka mita 100 hutoa pikseli ya sentimita 2.7. Picha zipandane asilimia 75 hadi 80 kwa mbele na 70 kwa ubavu. Kwa mpangilio huo betri moja hufanya hekta 25 hadi 35 na kutoa picha kama 350 hadi 450. Kijiji kidogo kinataka betri nne na siku nzima. Anza saa 3 asubuhi. Kuanzia mchana, hasa Agosti hadi Oktoba, upepo wa Dodoma hupanda na vimbunga vya vumbi huzuka uwanjani bila taarifa.

Weka alama tano ardhini kabla ya kurusha, nne pembeni na moja katikati, vitambaa vyeusi na vyeupe vya sentimita 60, kila kimoja kikipimwa na mpima kwa GNSS ya RTK, yaani kipokezi cha mahali chenye usahihi wa sentimita. Bila alama hizo ramani yako inaweza kuwa imesogea mita kadhaa huku ikionekana kamilifu, na kwa kesi ya mpaka mita mbili ndizo ugomvi wenyewe. Simu ya mkononi, yenye kosa la mita 3 hadi 5, haitoshi.

Kuunganisha picha ziwe ramani moja kunawezekana bure kwa programu ya WebODM. Picha 400 zinataka kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 16 angalau. 32 ni salama. Ramani ikitoka na mashimo, sababu kuu ni mbili: picha hazikupandana vya kutosha, au ulirusha juu ya uwele mrefu unaoyumba, ambapo programu haipati sehemu mbili zinazofanana. Rusha baada ya mavuno, au panda juu kidogo bila kuvuka futi 400.

Na usirushe kimya kimya. Peleka jambo kwenye serikali ya kijiji na mkutano mkuu, eleza kinachopigwa na kitakakokwenda. Kule ambako wakulima na wafugaji wameshaumizana, kitu kinachounguruma juu ya boma kinaweza kueleweka kuwa upelelezi wa upande mmoja, na ng'ombe wakitawanyika umeongeza mgogoro.

Tembe, mabati na boma: kusoma kinachoonekana

Hapa ndipo mtaalamu aliyekaa mbali hukosea, hata akiwa na picha ya gharama kubwa. Tembe la Kigogo lina paa bapa la udongo, rangi ile ile ya ua unaolizunguka. Kwenye pikseli ya mita 10 halipo. Kwenye nusu mita unalitambua kwa kivuli chembamba cha ukuta, umbo la mstatili, na vijia vinavyokutana mlangoni. Programu zinazohesabu nyumba zenyewe hutegemea sana paa linalong'aa, kwa hiyo zikisema kijiji kina nyumba 60, kuna uwezekano zimehesabu mabati na kuacha matembe, yaani zimewaacha maskini zaidi. Hesabu kwa jicho, ukiwa na mwenyekiti wa kitongoji pembeni anayekutajia kaya moja baada ya nyingine.

Tembe likibomolewa halitoi kifusi kinachong'aa. Linarudi kuwa udongo, na mvua moja ya Desemba hulisawazisha. Picha ya baada inatakiwa ndani ya wiki, kabla ya mvua.

Nyumba ya mabati ina mtego tofauti. Watu wakisikia tingatinga linakuja huezua mabati na kung'oa milango wenyewe ili waokoe mali. Picha ya siku inayofuata inaonyesha kuta zisizo na paa, na mtu wa nje anaandika kwamba nyumba zilikuwa zimehamwa. Picha haiwezi kutofautisha kuhama kwa hiari na kuezua kwa hofu. Maelezo ya mama aliyepanda juu ya paa lake mwenyewe usiku ndiyo yanayotofautisha, na lazima yaandikwe mapema, yakiwa na tarehe.

Boma la mifugo, kwa upande mwingine, ni shahidi mvumilivu. Samadi huacha duara jeusi miaka mingi baada ya miiba kuondolewa, na mvua za kwanza huliotesha majani mabichi kuliko pembeni. Mfugaji anayeambiwa hakuwahi kuishi mahali anaweza kuwa na maduara sita ya maboma ya zamani juu ya picha ya Desemba.

Namba zinazopotosha: Arc 1960 na ukanda wa 36

Sehemu hii ni ya kiufundi, lakini imeharibu ramani nyingi. Ramani za zamani za topografia za 1:50,000 na michoro mingi ya vijiji hutumia mfumo wa zamani wa namba za mahali uitwao Arc 1960. GPS na setilaiti hutumia WGS84. Ukichukua namba za hati ya zamani ukaziingiza moja kwa moja kwenye ramani mpya, mpaka wa kijiji unahama zaidi ya mita 300. Kijiji kizima kinaonekana kimevamia hifadhi, au hifadhi imevamia kijiji.

Juu ya hilo, mstari wa nyuzi 36 mashariki unapita si mbali na Jiji la Dodoma upande wa mashariki. Magharibi yake, jiji lenyewe, Bahi na Manyoni ni ukanda wa 36 Kusini katika mgawanyo wa ramani wa UTM. Kongwa na Mpwapwa ni wa 37 Kusini. Kwenye QGIS, programu ya ramani ambayo ni bure, chagua msimbo 21036 au 21037 kwa namba za Arc 1960, na 32736 au 32737 kwa WGS84, kisha acha programu ibadilishe. Hakikisha kwa mbuyu, njia panda au kona ya reli.

Uzito wa swali la mahali ulionekana Arusha, katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, kwenye shauri la vijiji vya Loliondo, Ololosokwan na wenzake, namba 10 la 2017. Septemba 2022 shauri lilitupwa kwa kuwa mahakama haikuridhika kwamba kuondolewa kwa watu kulifanyika ndani ya ardhi ya vijiji na si ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Novemba 2023 ngazi ya rufaa iliagiza lisikilizwe upya. Miaka mingi ya maisha ya watu ilining'inia kwenye swali la upande gani wa mstari.

Kuitunza picha ili ikubalike

Skrinishoti ni ya kuonyeshana. Kwa shauri, pakua faili halisi na utunze jina lake refu kama lilivyo, kwa sababu ndani ya jina hilo kuna setilaiti na tarehe, na kwa Sentinel-2 saa pia. Saa hiyo ni ya dunia: ongeza 3. Faili linaloandika 07:50 lilipigwa saa 4 na dakika 50 asubuhi kwa saa zetu, na mkalimani akikosea hapo shahidi wako ataonekana mwongo.

Siku hiyo hiyo ya kupakua, tengeneza namba ya SHA-256 ya faili (alama ya kidijitali inayobadilika faili likiguswa), iandike kwenye daftari pamoja na jina la aliyepakua, tovuti, tarehe na kompyuta iliyotumika. Nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Fanyia kazi nakala, usiguse faili la kwanza. Picha za droni zisitumwe kamwe kwa WhatsApp kama picha za kawaida, maana hupunguzwa ubora na kuondolewa taarifa za mahali na saa. Hamisha kwa kadi au flashi.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inataka uzito wa ushahidi wa namna hii upimwe kwa kuangalia jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na uhalisia wake ulivyolindwa. Kwa hiyo lazima awepo mtu mmoja mwenye jina atakayekula kiapo na kuhojiwa. Mchague mapema, awe ndiye aliyefanya kazi, na kwa vipimo vya mpaka awe mpima aliyesajiliwa nchini.

Majina ya kaya yatenganishwe na ramani. Orodha iwe na namba tu, na ufunguo wa namba ukae kwa wakili, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Ukitoa ripoti kwa umma, usionyeshe maboma ambako watu waliohamishwa wamejihifadhi sasa, hata kama picha ni ya bure na yeyote anaweza kuipata. Mwenye nia mbaya hana muda wa kutafuta kijiji kizima. Ramani yako yenye alama nyekundu inamfanyia kazi hiyo.

Kwa kesi yako, basi

Shamba la zaidi ya ekari mbili na swali ni la nani alitangulia: Landsat ya kiangazi cha kila mwaka tangu 1984, Sentinel-2 kuanzia 2015, bila kununua chochote. Nyumba au mizabibu iliyoondolewa ndani ya miaka kumi hivi: Google Earth na Wayback kupata miaka, kisha nunua mbili, na PlanetScope katikati ikiwa fedha ipo. Mpaka wa sasa kati ya vijiji viwili: mpima kwanza, droni baadaye kwa maelekezo yake. Na ikiwa tangazo la kutwaa ardhi limetoka lakini uthamini haujafanyika, usisubiri kesi. Pakua picha ya Sentinel-2 ya wiki hiyo na uitunze, tembea na simu kupiga kila mzabibu, kila ukuta na kila kaburi, mwenyekiti wa kitongoji akiwepo. Makaburi hayaonekani kwenye picha ya Sentinel-2.